Moyo Unaposimama Ghafla Kazini

Habari kama hii wengi wetu tumekwisha kuisikia. Mvua za kwanza zimenyesha, na watu wa boma moja wametoka alfajiri kwenda kulima. Miongoni mwao yumo mtu wa makamo, mwenye nguvu, ambaye jana tu alikuwa sokoni akicheka na wenzake. Yapata saa nne asubuhi asema kifua chambana kidogo. Aegemea mpini wa jembe, kisha aanguka kifudifudi. Wenzake wamkimbilia. Mmoja ammwagia maji usoni, wa pili ampepea kwa kofia, wa tatu akimbilia barabarani kutafuta gari. Gari lafika baada ya nusu saa, na huko hospitali daktari asema mtu huyu amekwisha kufa. Jioni, watu wakiketi matangani, maneno yaanza: ametiliwa sumu, amelogwa na fulani waliyegombania mpaka, siku zake zilikuwa zimetimia.

Ndugu msomaji, maneno hayo si mchezo. Katika sehemu za nchi yetu kama Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na shuku hiyo mara nyingi huanzia kwenye kifo ambacho hakuna aliyeweza kukieleza. Kwa hiyo mwezi huu twataka kueleza kifo cha namna hii: kinatoka wapi, ni nani wa kujihadhari, na hasa wale waliosimama karibu wafanye nini katika dakika chache za kwanza. Maana katika ile habari tuliyoisimulia, watu watano au sita walikuwapo, wote wenye mikono yao miwili, na hakuna aliyeitumia kwa kazi iliyotakiwa.

KAZI YA MOYO

Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake kadiri ya ngumi ya mwenyewe. Mtu aliyetulia moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kwa siku nzima hupata mapigo kama 100,000 hivi. Ukiinua gunia au ukipanda mlima, misuli yataka damu zaidi, na moyo hauna budi kupiga mbio ili kuitosheleza. Hilo ni jambo la kawaida, wala moyo mzima haudhuriki kwalo.

Lakini moyo nao ni nyama, nao wahitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo huipata kwa mishipa midogo iliyouzunguka. Mtu akikaa miaka mingi na presha ya juu, au ugonjwa wa sukari, au uvutaji wa tumbaku, au mafuta mabaya mwilini, mishipa hiyo hujaa utando wa mafuta ndani yake, kama mfereji wa maji unavyojaa matope usipozibuliwa. Maji kidogo hupita, na mtu akiwa amekaa haoni taabu. Siku akifanya kazi nzito, moyo wataka maji mengi nao mfereji hauyapitishi. Tena huenda ule utando ukapasuka kwa nguvu ya mapigo, damu ikagandia papo hapo, na njia ikazibika kabisa. Huo ndio uitwao mshtuko wa moyo.

Sehemu ya moyo iliyokosa damu huweza kuvuruga mwendo wa moyo wote. Wewe uliyelima kwa plau wajua jinsi ng'ombe wanne wanavyovuta pamoja wakifuata sauti moja. Sasa fikiri kila ng'ombe avuta upande wake: huyu mbele, huyu kando, huyu nyuma. Nira yalia, jasho latoka, wala plau haiendi hata hatua moja. Ndivyo moyo unavyokuwa. Nyama yake yatetemeka tu, kila uzi kwa wakati wake, na damu haisukumwi. Baada ya sekunde kama kumi mtu hupoteza fahamu na kuanguka. Kwa macho ya watu amekufa papo hapo, bali kwa kweli bado dakika chache zimebaki. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita za kukosa damu.

Kwa vijana mambo ni mengine kidogo. Mtu wa chini ya miaka 35 akianguka hivi, mara nyingi si mishipa iliyojaa mafuta. Huenda amezaliwa na moyo wenye nyama nene kupita kiasi, au wenye kasoro katika umeme wake, au mshipa wa moyo umepita mahali pasipopasa, au ana ugonjwa wa moyo uliotokana na homa. Wengi watakumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, katika dakika ya 72 ya mchezo dhidi ya Kolombia. Alikuwa na umri wa miaka 28. Madaktari walijaribu kwa muda kama wa dakika 45 wasimpate. Uchunguzi ulionyesha kwamba moyo wake ulikuwa na unene huo wa kuzaliwa nao. Huyu alikuwa mchezaji wa mpira aliyefunzwa na kutunzwa, na watu wakasema: kama hata yeye, je, sisi?

SI WACHEZAJI WA MPIRA TU

Kwa kweli wachezaji wakubwa ndio wachache. Huko Ufaransa madaktari walikusanya habari za watu walioanguka ghafla wakati wa michezo tangu mwaka 2005 hadi 2010, nao wakapata watu 820. Kati ya hao, vijana wa mashindano walikuwa 50 tu. Waliobaki wote walikuwa watu wa kawaida, waendesha baiskeli, wakimbiaji wa jioni, watu wa kupiga mpira siku ya mapumziko. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 46, na katika kila mia, 95 walikuwa wanaume. Jambo la kuhuzunisha ni hili: karibu wote, yaani 93 katika kila mia, walianguka mbele ya macho ya watu, lakini waliokandamizwa kifua na watu hao hawakufika hata theluthi moja. Waliotoka hospitalini wakiwa hai walikuwa kama 16 katika kila mia. Na mahali ambapo waliosimama karibu walianza kazi mara moja, waliopona walikuwa wengi zaidi.

Sasa usije ukasema: basi kazi ni hatari, heri nikae kivulini. La. Kazi ya mwili ndiyo dawa kubwa ya moyo. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alitangaza habari za watumishi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la orofa akitoza nauli. Kampuni ni moja na barabara ni zile zile, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Mkulima anayeshika jembe kila siku yu kama kondakta yule.

Mwenye kuhatarishwa ni yule afanyaye kazi nzito ghafla bila mazoea. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliwahoji wagonjwa zaidi ya 1,200 waliopatwa na mshtuko wa moyo, wakawauliza walikuwa wakifanya nini saa ile kabla ya ugonjwa. Wakaona kwamba mtu asiyefanya kazi nzito hata mara moja kwa juma, siku akiifanya, hatari yake katika saa ile huongezeka zaidi ya mara mia kuliko akiwa ametulia. Yule afanyaye kazi nzito mara tano kwa juma au zaidi, hatari yake huongezeka kama mara mbili na nusu tu. Kazi ile ile, watu wawili, na tofauti ni mazoea.

Lakini hata hivyo kipimo cha hatari ni kidogo kwa kila mara moja. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2000 na uliofanywa kwa madaktari wanaume zaidi ya 21,000, ulionyesha kwamba kifo cha ghafla hutokea kama mara moja katika kila mara milioni moja na nusu za kufanya mazoezi mazito. Basi usiogope jembe. Ogopa kulishika kama mtu anayeshindana, baada ya miezi kumi na moja ya kukaa kwenye kiti.

Hapo nina watu fulani moyoni. Wa kwanza ni ndugu yetu wa mjini, karani au dereva au mwenye duka, ambaye hurudi nyumbani mwezi wa Desemba au wakati wa mvua ndefu. Tumbo limekuwa kubwa kidogo, lakini hataki vijana wamwone kama mgeni shambani. Achukua jembe zito na kuanza kwa kasi ya mtu wa miaka ishirini. Au yumo katika ule mchezo wa mpira wa siku ya pili ya Krismasi, wenye wake dhidi ya makapera, na kijiji kizima kimesimama kando kikimcheka kila akikosa mpira. Aibu humsukuma kuliko pumzi yake iwezavyo. Wa pili ni mzee ambaye tangu mavuno hajafanya kazi ya nguvu, na sasa anabeba magunia ya kilo 90 kuyapandisha kwenye lori kwa sababu vibarua wamekawia. Hao ndio yawapasa kuanza polepole: siku ya kwanza saa moja, ya pili saa moja na nusu, na kupumzika katikati. Kabla ya kazi tembea na unyooshe viungo kidogo. Baada ya kukimbia sana usisimame ghafla. Tembea mpaka pumzi itulie. Ukiwa na homa, usikimbie wala usilime kwa nguvu hata kama mvua yaondoka, kwa maana homa nyingine hushika nyama ya moyo. Na miraa, ambayo wengine hutafuna ili wasichoke, huongeza mapigo na presha, kwa hiyo si msaada kwa moyo uliokwisha kulemewa.

ISHARA ZA KUTANGULIA

Watu husema, "Hakuwa mgonjwa hata siku moja." Ukiuliza vizuri, mara nyingi wapata habari nyingine. Mke akumbuka kwamba kwa majuma matatu mumewe alisimama mara mbili katika kile kilima cha kutoka mtoni, jambo ambalo hakulifanya zamani. Au alisema tumbo lachoma, akanunua dawa ya kiungulia dukani, ikampa nafuu kwa sababu alikuwa amekaa kitako alipoinywa.

Hilo la kiungulia nataka ulishike sana. Maumivu ya moyo si lazima yaume kama kisu. Wengi huyasikia kama uzito, kama mtu amewakalia kifuani, au kubanwa, au kuchomwa chini ya kidari. Huenda yakaenda kwenye bega, mkono wa kushoto, shingo au taya. Alama yake kubwa ni kwamba huja ukifanya kazi na hupungua ukipumzika. Kiungulia cha chakula hakijui kama wapanda mlima au la. Wanawake wengine, na wenye ugonjwa wa sukari, hawapati maumivu wazi: huona kuishiwa pumzi, kichefuchefu, au uchovu usio wa kawaida yao.

Tena yupo yule anayezimia wakati wa kukimbia au kufanya kazi. Mtu aliyesimama juani kwa muda mrefu gwarideni na kuanguka, mara nyingi ni joto na njaa. Bali mtoto anayeanguka katikati ya mbio za shule, kisha anainuka kama hakuna lililotokea, huyo apelekwe hospitali na moyo wake upimwe kabla hajakimbia tena. Vivyo hivyo katika ukoo ambao mtu mmoja au wawili wamekufa ghafla wakiwa bado vijana. Watu wa ukoo kama huo mara nyingi huenda kwa mganga kutafuta laana, nao wangefanya vema zaidi kwenda kupimwa moyo, kwa maana kasoro nyingine za moyo hurithiwa kama vile urefu na rangi ya macho. Na katika nchi zetu liko jambo jingine: mtoto aliyeumwa koo, kisha viungo vikavimba na kuuma, huenda ugonjwa huo ukaharibu milango ya moyo wake. Koo la mtoto lisidharauliwe.

Kuhusu presha, upimaji wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kama mtu mzima mmoja katika kila wanne wa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa kamwe. Presha haiumi. Mtu huweza kukaa nayo miaka kumi akipalilia mahindi yake. Mwaka 2023 Serikali iliwagawia wahudumu wa afya wa jamii mikoba ya vifaa, na kipimo cha presha ni kimoja katika hivyo. Basi huyo mama au kijana anayepita kwako na mkoba wake, usimwambie kwamba huna wakati. Kupima ni dakika tano, na ukiambiwa utumie dawa, usiziache kwa sababu wajisikia vizuri. Wajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Soma sehemu hii mara mbili, kisha umsomee mtu mwingine nyumbani.

Mtu akianguka, mtikise mabega na umwite kwa sauti kubwa. Asipojibu, mtazame kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Je, apumua kama kawaida? Hapa watu wengi hudanganyika. Mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kuvuta pumzi moja moja, kwa kukwama na kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini. Watu husema, "Bado anapumua, mwacheni apate hewa." Hiyo si pumzi ya uhai. Tena mwili wake huweza kutetemeka kidogo mara anapoanguka, nao hudhani ni kifafa, wakatafuta kijiko cha kumtia kinywani. Usitie kijiko, wala maji, wala kitunguu puani. Asiyejibu na asiyepumua kama kawaida, mhesabu kwamba moyo wake umesimama.

Piga kelele upate watu. Usimtume "mtu mmoja". Mtaje kwa jina. Wewe Otieno, piga simu 999 au 112. Wewe Wanjiru, tafuta gari na umlete hapa mwenye gari. Ukisema tu "mtu apige simu", kila mmoja atamtazama mwenzake.

Kisha piga magoti kando yake. Alale chali juu ya ardhi ngumu. Kitanda au godoro halifai, kwa maana ukisukuma hubonyea godoro badala ya kifua. Weka kitako cha kiganja, yaani pale kiganja kinapoungana na kifundo cha mkono, katikati ya kifua juu ya mfupa wa kidari, kati ya matiti mawili. Weka mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Nyoosha viwiko, mabega yako yawe juu ya mikono yako, na ukandamize kwa uzito wa mwili wako na si kwa nguvu za mikono tu. Kifua kishuke kama sentimita 5, karibu upana wa vidole vitatu, wala kisizidi 6. Kiache kipande tena chote, kisha kandamiza tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyewahi kupiga kwata ajue kwamba ndio mwendo wa hatua za askari wakienda haraka: kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila hatua ni mkandamizo mmoja.

Ni kazi ya kuchosha kuliko kutwanga. Baada ya dakika mbili nguvu zako hupungua bila wewe kujua, basi mwenzako apokee, na kubadilishana kuwe kwa haraka bila kukawia. Usisimame kumtazama kama amepona. Endelea mpaka ajinyoshe au apumue vizuri, au mhudumu wa afya akupokee. Akirudi kupumua, mlaze ubavu asije akapaliwa, na ukae naye, kwa maana moyo huweza kusimama mara ya pili.

Wengine huogopa kuvunja mbavu. Ni kweli, mbavu huweza kuvunjika, hasa kwa wazee. Ubavu huunga. Wengine huogopa kusemwa kwamba walimmaliza mtu. Lakini mtu asiyepumua na ambaye moyo wake umesimama amekwisha kuwa katika mauti. Mikono yako haiwezi kumfanyia lililo baya kuliko hilo. Na mwanamke akianguka, wanaume wasisimame mbali kwa haya. Mkandamize kama vile ungemkandamiza ndugu yako.

Ujuzi huu si wa zamani sana. Ulitangazwa mwaka 1960 na watu watatu wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani: Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker. Kabla ya hapo daktari alilazimika kupasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono wake. Hao walionyesha kwamba damu huweza kusukumwa kutoka nje, hata na mtu asiye daktari. Kouwenhoven mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme.

Na umeme ndio unaomaliza kazi. Kukandamiza kifua kwapeleka damu kidogo kwenye ubongo na kuulinda. Lakini wale ng'ombe wanaovuta kila mmoja upande wake, mara nyingi hawatulii mpaka wapigwe mshtuko mmoja wa kuwasimamisha wote, ili kiongozi wao aanze upya. Mashine ya kushtua moyo ndiyo ifanyayo hivyo. Iliyo ya watu wote husema kwa sauti nini cha kufanya, wala haimshtui mtu ambaye moyo wake hauhitaji. Kila dakika ipitayo bila msaada wowote, nafasi ya kupona hupungua kwa sehemu 7 hadi 10 katika mia. Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akikandamizwa kifua pale pale kwenye majani na kushtuliwa kwa mashine. Alitoka uwanjani akiwa na fahamu, na mwaka 2022 akarudi kucheza mpira Uingereza, akiwa amewekewa kifaa kidogo cha kulinda moyo chini ya ngozi.

Sitakudanganya, msomaji. Kwenye shamba lililo kilomita ishirini kutoka hospitali hakuna mashine hiyo, na wengi wa watakaoanguka huko hawatapona hata tukifanya yote vizuri. Lakini asiyekandamizwa hana nafasi kabisa. Kwa hiyo usimpakie mtu huyu kwenye boda boda, amebanwa kati ya watu wawili, kwa maana njia nzima moyo wake hautasaidiwa. Mkandamize hapo hapo mpaka gari lije. Likiwa ni pikapu, mlaze chali kwenye sakafu yake, dereva aende kwa utulivu, na kazi iendelee njiani kadiri iwezekanavyo.

Kuna wengine ambao hutofautiana kidogo. Aliyetolewa majini na mtoto mdogo, moyo wao husimama kwa kukosa pumzi. Hao hufaa wapewe pumzi ya kinywa pamoja na kukandamizwa, kama ujuavyo. Aliyepigwa na radi, jambo la kawaida huko Kisii na Kakamega, hana umeme uliobaki mwilini mwake. Mguse bila hofu na uanze. Bali aliyeshikwa na waya wa umeme, kata umeme kwanza. Na aliyeanguka akinyunyiza dawa ya wadudu, huku mate yamtoka na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, huenda ni sumu: mvue nguo zenye dawa, usimpulizie pumzi kinywani, na uchukue chupa yenye karatasi yake uende nayo hospitali. Kama hapumui, kifua chake nacho chahitaji mikono.

Mikono haijifunzi kwa kusoma. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza, na kikundi cha akina mama, ushirika wa maziwa au timu ya mpira waweza kuwaomba. Kabla ya hapo, jaza gunia makapi au majani makavu, ulifunge vizuri, uliweke chini, na kila mtu wa nyumbani alikandamize kwa dakika mbili huku mwingine akihesabu kwa saa. Usijaribu juu ya mtu mzima asiye mgonjwa.

Na siku ikitokea, mmoja wenu atazame saa. Daktari atauliza ameanguka saa ngapi, mlianza kumkandamiza saa ngapi, alikuwa akifanya nini, na kama alilalamika kifua siku zilizopita. Akipona, au asipopona naye alikuwa kijana, muulizeni daktari kama ndugu zake na watoto wake wapimwe moyo pia, nao waende hata kama hakuna anayeumwa.